Kauli ya mkuu na hesabu ya kipofu

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali njema, na wengi wetu tumelelewa nayo tangu utotoni. Lakini kama ilivyo dawa, methali nayo ina kipimo chake, na aitumiaye kupita kiasi huenda ikamdhuru. Kuna wakati ambapo mkuu mwenyewe ndiye aliyepotea njia, na amfuataye bila kutazama anapokanyaga ndiye avunjikaye guu. Je, wakati huo ukifika, mtu mwenye adabu afanye nini? Anyamaze? Apige makofi?

Leo nitalijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita, nami nitatumia namba moja kama kigezo. Namba yenyewe ni 2,147,483,647. Mwenye kutaka kuuhisi ukubwa wake na aanze kuhesabu moja, mbili, tatu, kwa mwendo wa namba moja kila sekunde, asile wala asilale. Ataifikia baada ya miaka 68. Aliyeanza akiwa mtoto mchanga atamaliza akiwa mzee mwenye wajukuu.

Mtu ninayemzungumzia ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, ambaye mwaka 1772, akiwa mzee na kipofu, alitangaza jambo moja kuhusu namba hiyo: kwamba haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Namba za aina hiyo twaziita namba tasa, kwa kuwa ni kama zimenyimwa uzazi. Saba ni tasa; kumi na tatu ni tasa. Kumi na tano si tasa, maana tatu na tano huizaa. Kuujua utasa wa saba ni kazi ya mtoto wa shule. Kuujua utasa wa namba yenye tarakimu kumi, katika karne isiyokuwa na mashine ya kuhesabia ya kutegemewa, ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Euler alizaliwa mjini Basel tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti, na familia ilihamia katika kijiji cha Riehen, karibu na mji huo, mtoto angali mdogo. Mchungaji huyo alitaka mwanawe aufuate wito huo huo wa kanisa. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel akiwa na umri wa miaka 13, jambo ambalo halikuwa ajabu sana zama hizo, na huko akakutana na mtu aliyeyageuza maisha yake.

Mtu huyo alikuwa Johann Bernoulli, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakuu wa Ulaya nzima. Bernoulli hakuwa na nafasi ya kumfundisha kijana huyu peke yake. Badala yake alimwelekeza vitabu vigumu, akamwamuru avisome mwenyewe, kisha akamruhusu kumtembelea mara moja kwa juma, alasiri, ili amweleze mahali alipokwama. Kijana alijitahidi sana kupunguza maswali yake ili asimchoshe mzee. Basi hapo ndipo mwanzo wa jambo ninalotaka kulisema. Mwalimu huyu hakummiminia mwanafunzi majibu kama maji ndani ya mtungi. Alimfunza kutafuta na kukwama, na kwanza kabisa kujiuliza yeye mwenyewe. Na alipouona uwezo wa kijana, mkuu huyo alikwenda kumsihi baba amwachilie mwanawe aifuate hisabati. Baba akakubali.

Mwaka 1727 Euler aliomba kazi ya ualimu katika chuo cha mji wake, akanyimwa. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Nabii, kama tujuavyo, hana heshima kwao. Akaondoka kwenda St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, ambako mfalme Peter Mkuu alikuwa ameanzisha Akademia ya Sayansi. Daniel, mwana wa yule mwalimu wake Bernoulli, alikwishatangulia huko. Siku Euler alipowasili, Mei 1727, ndiyo siku aliyofariki Malkia Catherine wa Kwanza, na mustakabali wa Akademia yenyewe ukawa haujulikani. Mgeni huyo alilazimika kutumikia kwa muda katika jeshi la majini la Urusi. Hatimaye mambo yalitulia, na mwaka 1733 akakabidhiwa kiti cha hisabati. Mwaka uliofuata alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji wa Kiswisi aliyeishi mjini humo. Walijaliwa watoto 13, lakini watano tu ndio waliokua hadi utu uzima.

Katika Akademia hiyo alikuwamo Christian Goldbach, mtu aliyependa mno mafumbo ya namba. Desemba 1729 Goldbach alimwandikia Euler barua akimuuliza kama alikuwa na habari za dai moja la Pierre de Fermat. Huyo Fermat alikuwa mwanasheria wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1665, na hadi leo anatajwa kuwa baba wa elimu ya namba ya zama hizi. Jina lake lilitosha kulinyamazisha baraza zima.

Dai lake lilikuwa hili. Tazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja hupatikana kutokana na ile iliyoitangulia: unatoa moja, unazidisha kilichobaki kwa chenyewe, kisha unaongeza moja. Kutoka 5 unapata 4, na nne mara nne ni 16, ukiongeza moja ni 17. Namba hizo tano zote ni tasa. Fermat aliamini kwamba mtu akiendelea hivyo milele, kila namba atakayoipata itakuwa tasa. Namba ya sita katika msururu huo ni 4,294,967,297. Fermat hakuwa na uthibitisho, lakini nani angethubutu kumpinga Fermat?

Aliyethubutu ni kijana wa miaka 25. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni sawa na 641 mara 6,700,417. Mwenye kalamu na karatasi anaweza kuihakiki hesabu hiyo sasa hivi, kabla chai yake haijapoa. Hakuna hotuba iliyohitajika, wala matusi, wala kumvunjia heshima marehemu. Kuzidisha mara moja tu, na kauli iliyosimama kwa karibu miaka 100 ikaanguka.

Baadaye Euler alieleza njia ya kuifikia 641 bila kupapasa gizani. Alithibitisha kwamba kigawanyo chochote tasa cha namba ile, kikigawanywa kwa 64, sharti kibakishe moja. Namba tasa zenye sifa hiyo ni chache mno: ya kwanza ni 193, halafu 257, halafu 449, halafu 577, na ya tano ni 641. Kwa hiyo majaribio matano yalitosha kuangusha dai la mkuu. Fermat mwenyewe angeweza kuyafanya kwa alasiri moja.

Lakini tusikimbilie kumfanya Euler malaika. Katika makala ile ile aliyomsahihishia Fermat, yeye naye alitaja namba mbili kubwa za aina nyingine kuwa ni tasa, kumbe sivyo. Aliyeona kibanzi katika jicho la mwenziwe alikuwa na chake. Tofauti ni kwamba hakuisahau kauli yake wala kuifanya sheria. Alirudi baadaye akajisahihisha.

Mwaka 1735 homa kali ilikaribia kumwua, na kufikia mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza uwezo wa kuona. Mwaka 1741, siasa za Urusi zikiwa zimechafuka, alikubali mwaliko wa Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, akahamia Berlin. Alikaa huko kwa miaka 25. Alifanya kazi isiyo na kifani, tangu kuchunguza mwendo wa Mwezi hadi kumwandikia binti wa ukoo wa kifalme barua zaidi ya 200 za kumfunza sayansi kwa lugha nyepesi. Hata hivyo, mfalme hakumpenda. Frederick alipenda watu wenye ulimi mtamu na dhihaka za kasri. Euler alikuwa mtu wa dini, mkimya, mwenye familia kubwa. Mfalme alimkejeli kwa kumfananisha na lile jitu la hadithi za Kiyunani lenye jicho moja. Ndivyo walivyo baadhi ya wakuu: wana lulu mkononi nao wanatamani shanga.

Ni vyema sasa nieleze jinsi namba yetu ilivyoingia katika maisha yake. Tangu zama za Euclid, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, wanahisabati walivutiwa na namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Sita hugawanyika kwa 1, 2 na 3, na hizo zikijumlishwa huwa sita. Ishirini na nane hugawanyika kwa 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Euclid alionyesha njia ya kuzipata. Zidisha mbili kwa mbili mara kadhaa, kisha utoe moja. Ukipata namba tasa, izidishe kwa nusu ya namba inayoifuata, nawe utakuwa na namba timilifu. Kwa mfano, mbili tatu zikizidishwa pamoja huwa 8. Toa moja, unapata 7 ambayo ni tasa. Zidisha kwa 4, unapata 28. Miaka 2,000 baadaye Euler alikamilisha kazi hiyo kwa kuthibitisha kwamba hakuna namba timilifu iliyo shufwa isiyopatikana kwa njia hiyo.

Basi swali kubwa likawa: ni mbili ngapi za kuzidisha ambazo, baada ya kutoa moja, hutupa namba tasa? Hapo wakuu walisema mengi. Pietro Cataldi wa Bologna, mwaka 1603, alizihakiki kwa bidii mbili 17 na mbili 19, akapata 131,071 na 524,287, akathibitisha kuwa ni tasa. Hapo alisema kweli. Lakini akaendelea kudai kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinafaa. Fermat akaziangusha 23 na 37. Kwa mfano, mbili 23 huleta 8,388,607, nayo hugawanyika kwa 47. Euler akaiangusha 29. Kati ya madai manne likabaki moja tu, 31.

Kisha mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyekuwa akiandikiana barua na wanazuoni wa Ulaya yote, alichapisha orodha yake mwenyewe, ambayo nayo ilikuwa na 31. Orodha hiyo iliheshimiwa kiasi kwamba hadi leo namba hizi zinaitwa kwa jina lake. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba alikosea mara tano: aliziweka 67 na 257 zisizostahili, akaziacha 61, 89 na 107 zinazostahili. Mbili 31 zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa moja, hutoa namba yetu, 2,147,483,647. Wakuu wawili walikuwa wamesema ni tasa. Wote wawili walikuwa wamekosea katika mengine. Je, katika hili walisema kweli au walibahatisha?

Mwaka 1766 Euler aliichoka Berlin, akarudi St Petersburg kwa mwaliko wa Malkia Catherine wa Pili. Alipokewa kwa heshima kubwa. Lakini jicho lake la kushoto, ambalo ndilo lililobaki, lilikuwa limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na muda si muda akawa hawezi kusoma. Mwaka 1771 moto mkubwa ulizuka mjini na kuiteketeza nyumba yake. Mzee wa miaka 64, asiyeona, alikuwa ndani. Fundi mmoja mzaliwa wa Basel, Peter Grimm, aliingia katika moto akambeba mabegani na kumtoa salama. Maandishi yake mengi yaliokolewa. Mwaka huo huo madaktari walimpasua jicho, akaona tena kwa muda mfupi. Kisha jicho likaingiwa na uchafu, na giza likarudi moja kwa moja. Miaka miwili baadaye alifiwa na mkewe Katharina, waliyekaa pamoja kwa karibu miaka 40.

Mtu mwingine angeikunja mikeka yake. Euler alifanya kinyume. Katika miaka yake ya upofu alitoa karibu nusu ya kazi zake zote, ambazo kwa jumla ni zaidi ya 800. Katika mwaka 1775 peke yake aliandaa makala zaidi ya 50. Alifikiri kichwani, akatamka, na wengine wakaandika: mwanawe Johann Albrecht, Anders Lexell, na baadaye kijana aliyeitwa Nicolas Fuss. Husimuliwa kwamba kitabu chake mashuhuri cha aljebra alimwandikisha mwanagenzi wa mshonaji nguo, kijana asiyekuwa na elimu ya hisabati, na kwamba kitabu kilipokwisha, kijana yule alikuwa ameielewa aljebra. Mwalimu kipofu alikuwa amempa mwenziwe macho.

Ni katika hali hiyo ndipo, mwaka 1772, habari ya namba yetu ilipotoka. Euler aliieleza katika barua kwa mwanahisabati aliyekuwa Berlin, Johann Bernoulli mwingine, mjukuu wa yule mwalimu aliyempokea kila juma ujanani. Kwa hakika mwanafunzi alikuwa anailipa familia ile deni lake.

Alifanyaje? Tuseme mtu anataka kujua kama 2,147,483,647 ina kigawanyo. Hana haja ya kujaribu namba zote. Vigawanyo huja wawili wawili, na kama viwili vinazaa namba yetu, kimoja lazima kisizidi 46,340, kwani vyote viwili vikizidi hapo, zao lao litaipita. Kwa hiyo ajaribu namba tasa zilizo chini ya 46,340. Lakini hizo nazo ni zaidi ya 4,700, na kila jaribio ni mgawanyo mrefu wa namba yenye tarakimu kumi. Hiyo ni kazi ya kumvunja moyo mtu mwenye macho mawili mazima.

Euler hakuanza kwa kugawanya. Alianza kwa kufikiri. Alijua, kwa kanuni alizozithibitisha yeye mwenyewe na nyingine aliyoirithi kwa Fermat, kwamba kigawanyo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakishe 1 au 63. Chini ya 46,340, namba zenye sifa hiyo zipatazo 370 tu ndizo zinazobaki, na nyingi miongoni mwa hizo si tasa, kwa hiyo hutupwa bila jaribio. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Ukigawanya, hubaki 35, haifai. Inayofuata ni 1,303. Ukigawanya, hubaki 226; haifai. Na kuendelea hivyo, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa orodha. Kila moja iliacha baki. Hakuna iliyoingia sawasawa. Kwa hiyo namba ni tasa. Wakuu walikuwa wamesema kweli, lakini sasa, kwa mara ya kwanza, ilijulikana kuwa ni kweli.

Ningependa msomaji atue hapa kidogo, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Wengi hudhani kwamba anayehakiki kauli ya mkubwa anatafuta kumwaibisha. Mwaka 1732 Euler alihakiki, akamkuta mkuu amekosea. Mwaka 1772 alihakiki, akawakuta wakuu wamepatia. Kazi ilikuwa ile ile katika mara zote mbili, na heshima ilikuwa ile ile. Tena aliyehakiki ile ya pili hakuwa na macho ya kuionea karatasi. Wenye macho walikuwa wamekaa na kauli hiyo kwa zaidi ya miaka 160 wakiikubali kwa sababu ya aliyeisema.

Namba hiyo ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miaka mingi. Namba timilifu inayozaliwa nayo, kwa njia ile ya Euclid, ni 2,305,843,008,139,952,128, na ni ya nane katika mpangilio wake. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kitabuni kwamba hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa haielekei mtu yeyote atapoteza wakati wake kutafuta nyingine. Mkuu mwingine, kauli nyingine! Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba mbili 127 zinafaa, na mwaka 1883 kasisi wa Urusi, Ivan Pervushin, akaonyesha kwamba 61, ile aliyoiacha Mersenne, inafaa pia. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina hiyo yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Na Euler mwenyewe hakusazwa. Alikuwa ameamini kwamba ukitaka kujumlisha namba kadhaa, kila moja ikiwa imezidishwa kwa yenyewe hadi zikawa tano, ili upate namba nyingine ya aina hiyo hiyo, basi sharti ujumlishe tano au zaidi. Kwa karibu miaka 200 hakuna aliyemkosoa. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Marekani, Lander na Parkin, walitumia kompyuta wakaonyesha kwamba nne zinatosha: 27, 84, 110 na 133, kila moja ikifanyiwa hivyo na kujumlishwa, hutoa 61,917,364,224, ambayo ni 144 iliyofanyiwa vivyo hivyo. Makala yao ilikuwa fupi mno, mistari michache tu. Kijana aliyemwangusha Fermat kwa kuzidisha mara moja aliangushwa naye kwa kujumlisha mara moja. Sidhani angekasirika. Kipimo alichowapimia wakuu ndicho alichopimiwa.

Euler alifariki mjini St Petersburg mwezi Septemba 1783, akiwa na umri wa miaka 76. Siku ile alikuwa amefanya hesabu, na alikuwa amezungumza na Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu nyuma. Kiharusi kikampata, na kabla usiku haujaenda mbali akawa amekata roho. Akademia iliendelea kuchapisha makala alizoziacha kwa karibu miaka 50 baada ya kuzikwa kwake.

Huenda msomaji anajiuliza namba ya kipofu huyo inatuhusu nini sisi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu. Inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kompyuta nyingi zilizoundwa katika karne iliyopita zilitengewa nafasi 32 za kuandikia namba, na moja kati ya hizo hutumika kuonyesha kama namba ni hasi au chanya. Namba kubwa kuliko zote inayoenea katika nafasi 31 zinazobaki ni hii hii, 2,147,483,647. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Sekunde hizo zitaifikia namba ya Euler tarehe 19 Januari 2038, ambapo hapa kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde itakayofuata, mashine yoyote ambayo haikurekebishwa itageuza namba yake kuwa hasi na kudhani kwamba imerudi Desemba 1901. Wanaokumbuka hekaheka za kuingia mwaka 2000 wanajua ninachokisema. Hapo hatutauliza mfumo uliuzwa na kampuni yenye jina gani. Tutauliza kama kuna aliyeuhakiki.

Hapo ndipo ninapotaka kututia kidole jichoni, nikianza na langu. Katika madarasa yetu mwanafunzi hukariri kanuni kama kasuku, na anayeuliza imetoka wapi huonekana mkaidi. Akija kuwa mtu mzima, yule yule aliyekatazwa kuuliza hukaa kwenye mkutano wa hadhara akasomewa idadi ya kilomita za barabara, ya madarasa, ya ajira na ya mamilioni yaliyotumika, naye hupiga makofi kabla namba haijamaliza kutamkwa. Hana kalamu mkononi. Hakumbuki kwamba barabara yaweza kupimwa na madarasa yakahesabiwa na mtu yeyote mwenye miguu. Yeye huitazama sura ya msemaji na gari alilokuja nalo.

Sisemi kwamba wakuu wetu hudanganya kila wasemapo. Cataldi na Mersenne walisema kweli kuhusu 31, nasi tuna wakuu wengi wasemao kweli. Ninalosema ni kwamba ukweli usiohakikiwa hauna tofauti, machoni pa asikilizaye, na uongo usiohakikiwa. Vyote viwili hupigiwa makofi yale yale. Mkuu msema kweli ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kututaka tukague, kwa sababu ukaguzi ndio pekee utakaomtenga na mwongo.

Basi tumsikie mkuu, kama methali inavyotuamuru. Tumsikie kwa adabu, hadi mwisho wa sentensi yake. Kisha tutoe karatasi, tugawanye, tuone kinachobaki. Mwanagenzi wa mshonaji aliweza kuielewa aljebra kwa kuandika alichotamkiwa na kipofu. Sisi tuna macho, tuna shule na tuna kalamu. Tukivunjika guu, tusije tukasingizia methali.